Onyo Lisilo la Kweli: Ujumbe wa "Kumbukumbu Haitoshi" na Usalama wa Tasnifu ya Kiswahili

Ikisiri

Wanafunzi wa Kiswahili huandika tasnifu, insha na makala zao kwa tarakilishi. Mara kwa mara programu ya kuandikia huwaonya kwamba kumbukumbu haitoshi, kisha hukwama au hujifunga. Makala haya yanaonyesha kwamba onyo hilo, mara nyingi, si la kweli: kumbukumbu ipo, ila programu imeshindwa kupata kitu kingine na ikakosa namna bora ya kulieleza jambo hilo. Makala yanafafanua vyanzo vikuu vya onyo hilo, yanaeleza adha mahususi inayompata mwandishi wa Kiswahili na wa lugha nyingine za Kiafrika, na yanapendekeza utaratibu wa kutafuta chanzo bila kupoteza kazi. Mifano mingi imetolewa katika Microsoft Word, kwa kuwa ndiyo programu inayotumiwa na wanafunzi wengi.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Methali hii ina ukweli mwingi katika maisha ya watu, lakini haiwezi kutumiwa kila mara kupima maneno ya tarakilishi. Mashine huweza kusema jambo ambalo halipo, wala haliko njiani.

Chukulia mfano wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekwenda Kibugu, katika Kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya ambako wakulima hukuza chai na kahawa. Lengo lake ni kukusanya ngano na methali za Kiembu ili azilinganishe na za Kiswahili. Amewahoji wazee, amenakili masimulizi yao neno kwa neno, ameyatafsiri, na sasa anaandika sura ya nne. Usiku mmoja, anapotaka kuhifadhi kazi, kiwambo kinaonyesha ujumbe kwamba hakuna kumbukumbu au nafasi ya diski ya kutosha. Anajaribu tena; ujumbe unarudi. Anaifunga programu nyingine iliyokuwa wazi, ujumbe unarudi. Hatimaye anaamua kupunguza "uzito" wa faili kwa kufuta viambatisho, yaani yale masimulizi yenyewe ya wazee. Ujumbe unarudi vilevile, na viambatisho vimekwisha kwenda.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila hatua yake inaweza kumpata mwanafunzi yeyote. Hasara iliyomo ni kubwa. Sura iliyopotea inaweza kuandikwa upya, ila masimulizi ya mzee ambaye huenda hatasimulia tena hayawezi kurudishwa. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: je, mashine inaposema kumbukumbu haitoshi, inasema kweli?

Wanafunzi wa fasihi wanamfahamu msimulizi asiyeaminika. Msomaji hamtupi msimulizi wa namna hiyo, wala hayapokei maneno yake yote. Huyapima kwa kuyalinganisha na matukio mengine katika hadithi. Onyo la programu linafaa kusomwa kwa namna hiyohiyo.

2.0 Ufafanuzi wa istilahi

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na neno lenyewe. Katika Kiswahili, "kumbukumbu" ni mambo yanayokumbukwa, ni maandishi ya mkutano, ni nyaraka zilizohifadhiwa, na katika taaluma ya tarakilishi ni mahali ambapo mashine huweka data. Hapo pa mwisho pana vitu viwili vilivyo tofauti kabisa, na ni muhimu vitenganishwe.

Cha kwanza ni kumbukumbu tendaji. Hii ndiyo meza ya kazi ya mashine. Programu inapofunguliwa, huwekwa hapo pamoja na faili inayoandikwa. Umeme ukikatika, kilichokuwa mezani hapo hupotea. Cha pili ni hifadhi, yaani diski iliyomo ndani ya tarakilishi pamoja na diski ya mkononi, maarufu kama flashi. Hifadhi ni kama kabati: kilichowekwa humo hubakia hata mashine ikizimwa.

Mtu anaweza kuwa na kabati kubwa lililo tupu na meza ndogo iliyojaa, au kinyume chake. Ujumbe unaounganisha "kumbukumbu au nafasi ya diski" katika sentensi moja humwambia mtumiaji kwamba ama meza au kabati limejaa, bila kusema ni lipi. Tangu mwanzo, basi, ujumbe huo una utata. Makala haya yanatumia "kumbukumbu" kwa maana ya meza na "hifadhi" kwa maana ya kabati.

3.0 Kwa nini onyo hutolewa ilhali kumbukumbu ipo

3.1 Programu hujua dalili, haijui chanzo

Programu ya kuandikia haifanyi kazi peke yake. Kila wakati huomba vitu kutoka kwa mfumo endeshi, kwa mfano Windows: nafasi ya kuweka aya mpya, umbo la herufi, ruhusa ya kuandika faili, vipimo vya karatasi kutoka kwa printa. Ombi likikataliwa, programu hupokea jibu fupi kwamba imeshindikana. Waundaji wa programu waliandaa ujumbe wa kuonyeshwa katika hali kama hizo, na ujumbe mmoja huweza kutumika kwa makosa mengi yasiyohusiana. Ndiyo maana fonti iliyoharibika, folda iliyozuiwa na diski iliyochomolewa zote huweza kuzaa onyo lilelile la kumbukumbu.

Historia inatoa mfano mzuri. Katika Windows 95 na Windows 98, baadhi ya vitu vya madirisha na michoro viliwekwa katika maeneo maalumu yenye ukubwa wa kilobaiti 64 tu. Maeneo hayo yalipojaa, mfumo ulilalamika kwamba kumbukumbu imekwisha hata kama mashine ilikuwa na megabaiti nyingi zisizotumika. Mtu aliyekwenda kununua kumbukumbu zaidi hakupata nafuu, kwa sababu maeneo yale hayakuongezeka.

Mipaka ya namna hiyo haijakwisha. Programu ya biti 32 katika Windows kwa kawaida hupewa gigabaiti 2 tu za anwani, hata mashine iwe na gigabaiti 8 au 16. Ni tangu Office 2019 ambapo toleo la biti 64 limekuwa ndilo linalowekwa bila kuombwa. Mwenye toleo la zamani huweza, kwa hiyo, kuambiwa meza imejaa ilhali sehemu kubwa ya meza iko wazi, ila mkono wake haufiki huko.

3.2 Folda ya muda na diski ya mkononi

Word inapohifadhi faili haiandiki juu ya faili ya zamani moja kwa moja. Kwanza huunda faili ya muda, huandika humo, kisha huibadilisha jina ichukue nafasi ya ile ya awali. Faili hizi za muda mara nyingi huwekwa katika folda ileile yenye kazi inayoandikwa. Mtu anapoifungua tasnifu moja kwa moja kutoka kwenye flashi na kuandikia humo, faili za muda nazo huwekwa humo. Flashi ikiwa imekaribia kujaa, kuhifadhi hushindikana hata kama diski ya ndani ina nafasi tele. Ikichomolewa wakati faili iko wazi, programu hupoteza faili zake za muda na huanza kulalamika kwamba diski imejaa.

Tiba ni rahisi. Faili inakiliwe kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski ya ndani, iandikwe hapo, ihifadhiwe, ifungwe, kisha ndipo irudishwe kwenye flashi. Flashi ni chombo cha kusafirishia. Haifai kufanywa meza ya kuandikia. Aidha, folda ya muda ya Windows yenyewe isafishwe mara kwa mara kwa kifaa cha kusafishia diski kilichomo ndani ya mfumo.

3.3 Kiolezo kikuu

Kila Word inapofunguliwa husoma faili moja ya msingi inayobeba mipangilio ya mtumiaji: aina ya fonti, mitindo ya aya, njia za mkato. Hadi toleo la 2003 faili hiyo iliitwa Normal.dot, tangu toleo la 2007 huitwa Normal.dotm. Ikiharibika, kwa mfano kwa sababu umeme ulikatika programu ikiwa inaifunga, matatizo hutokea katika kila faili inayofunguliwa, na onyo la kumbukumbu ni mojawapo.

Mtumiaji hushauriwa aifunge Word, aitafute faili hiyo katika folda ya violezo, kisha aipe jina jingine badala ya kuifuta. Word ikifunguliwa tena na isiione, huunda mpya. Onyo likitoweka, chanzo kimepatikana. Lisipotoweka, jina la awali linarudishwa na hakuna kilichopotea.

3.4 Fonti na herufi za lugha zetu

Kuna onyo jingine linalosema kwamba kumbukumbu au nafasi ya diski haitoshi kuonyesha fonti inayohitajika. Fonti ni faili ndogo, kwa hiyo madai kwamba mashine yenye nafasi kubwa haiwezi kuionyesha moja hayana mashiko. Mara nyingi kiolezo kikuu ndicho kilichoharibika, au fonti yenyewe ndiyo mbovu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mtafiti aliye Kibugu. Kiembu, kama Kikikuyu, kina irabu saba, na maandishi yake hutumia ĩ na ũ pamoja na irabu tano zinazofahamika katika Kiswahili. Neno lenye maana ya mtu huandikwa "mũndũ". Kabla ya mfumo wa Yunikodi kuenea, baadhi ya waandishi wa lugha za Kiafrika walitumia fonti maalumu zilizochora alama hizo mahali pa herufi nyingine. Fonti hizo zilipitishwa kutoka mashine hadi mashine, nyingine zikiwa zimeundwa bila uangalifu. Faili iliyoandikwa kwazo ikifunguliwa mahali ambapo fonti haipo, maneno hugeuka kuwa alama zisizosomeka; na fonti yenyewe ikiwa imeharibika, programu huweza kukwama kila ukurasa wenye herufi hizo unapofikiwa.

Leo hakuna haja ya fonti maalumu. Katika Yunikodi ĩ ina namba 0129 na ũ ina namba 0169, na fonti za kawaida kama Times New Roman zinazo zote mbili. Katika Word, mtumiaji huandika namba hiyo kisha akabonyeza kitufe cha Alt pamoja na X, nayo namba hugeuka kuwa herufi. Ni vyema namba iandikwe ikiwa imetengwa na maneno, kwa sababu herufi a hadi f zikiitangulia huweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya namba. Katika "mũndũ", kwa mfano, d iliyo kabla ya ũ ya mwisho inaweza kuleta alama isiyotarajiwa. Herufi ikishapatikana, hunakiliwa na kubandikwa inapohitajika.

3.5 Faili iliyotoka kwenye barua pepe

Msimamizi humtumia mwanafunzi sura aliyoisahihisha. Mwanafunzi akiifungua, Word hukataa na kumshauri ahakikishe kwamba kuna kumbukumbu na nafasi ya diski ya kutosha. Hapa onyo huweza kuwa mbali kabisa na ukweli. Windows huweka alama ya tahadhari kwenye faili zilizotoka katika intaneti, na Word huzifungua kwa ulinzi maalumu. Ulinzi huo ukishindwa kufanya kazi yake, ujumbe unaotolewa hutaja kumbukumbu.

Ikiwa mtumaji anafahamika na faili ilitarajiwa, mtumiaji hubonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, hufungua sifa zake, na chini ya ukurasa wa kwanza huondoa kizuizi kilichowekwa. Ikiwa mtumaji hafahamiki, kizuizi kiachwe palepale, kwa kuwa kiliwekwa dhidi ya virusi.

3.6 Viongezo na printa

Programu ndogo zilizopachikwa ndani ya Word, kama zile za kupanga marejeleo au za kutengeneza faili za PDF, huweza kugongana na Word yenyewe. Word ikifunguliwa huku kitufe cha Ctrl kikiwa kimebonyezwa, huuliza kama ifunguke katika hali salama, yaani bila viongezo. Ikifanya kazi vizuri katika hali hiyo, viongezo huondolewa kimoja baada ya kingine hadi chenye kosa kijulikane.

Printa nayo husahauliwa. Word hupanga kurasa zake kwa kuuliza vipimo kutoka kwa printa iliyochaguliwa, hata kama hakuna kinachochapishwa. Mtu aliyeunganisha tarakilishi yake na printa ya duka la kuchapishia, kisha akarudi nyumbani, huenda ameiachia mashine programu ya printa iliyoharibika. Kuchagua printa nyingine, hata ile ya kutengeneza PDF iliyomo ndani ya Windows 10 na matoleo yaliyofuata, hutosha kulijaribu jambo hili.

4.0 Adha ya pekee kwa mwandishi wa Kiswahili

Mbali na maonyo ya kumbukumbu, mwandishi wa Kiswahili hukutana na onyo jingine ambalo mwandishi wa Kiingereza hulipata kwa nadra. Ukurasa wake hujaa mistari myekundu, kisha ujumbe hutokea kwamba makosa ya tahajia au sarufi ni mengi mno kuweza kuendelea kuonyeshwa. Mwanafunzi mgeni hudhani faili yake imeharibika au imezidi uwezo wa mashine. Hakuna kilichoharibika. Programu inakikagua Kiswahili kwa kamusi ya Kiingereza, na kwa mizani hiyo takriban kila neno ni kosa.

Madhara yake ni ya aina mbili. Kwanza, makosa halisi hufichika: neno lililokosewa kweli halitofautiani na neno sahihi, yote yakiwa yamepigiwa mstari. Pili, usahihishaji wa kujiendesha hubadilisha maandishi kimyakimya. Kiingereza huandika nafsi ya kwanza kwa herufi kubwa I. Hivyo sentensi "Kazi i wapi?" hugeuzwa kuwa "Kazi I wapi?", na mjadala wa ngeli ya I-ZI au kielezi chochote chenye "i" ya pekee huingiliwa na mashine isiyojua inachokifanya.

Tatizo hili lina sababu ya kiisimu. Kamusi ya tahajia ya Kiingereza huweza kuwa orodha ya maneno. Kiswahili ni lugha ambishi, na kitenzi kimoja huzaa maumbo mengi mno kuorodheshwa. Umbo "hawatatukumbusha" limejengwa kwa kikanushi ha-, kiambishi cha nafsi -wa-, cha wakati -ta-, cha mtendewa -tu-, mzizi, kiambishi cha utendeshi na kiishio. Ukibadilisha kipande kimoja tu, neno huwa jipya machoni pa mashine. Kwa sababu hii, kikagua tahajia cha Kiswahili huhitaji kanuni za mofolojia. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kuunda uchanganuzi wa aina hiyo kwa tarakilishi katika miaka ya 1980.

Juhudi za kuifanya programu izungumze Kiswahili nazo zina historia. Mnamo Desemba 2004, mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu huria ya OpenOffice. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuleta Kiswahili katika bidhaa zake. Leo LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili inayobeba alama ya sw_TZ, na Word huitambua Kiswahili miongoni mwa lugha zake.

Hatua ya kuchukua ni moja. Mwandishi achague maandishi yote, kisha ayape lugha ya Kiswahili katika mipangilio ya ukaguzi. Sehemu zilizo katika Kiembu zipewe agizo la kutokaguliwa tahajia, kwa kuwa kikagua cha Kiswahili hakiwezi kuihukumu lugha isiyo yake. Mistari inayobakia baada ya hapo ndiyo inayostahili kutazamwa.

5.0 Utaratibu wa kutafuta chanzo

Vyanzo vilivyotajwa ni vingi, na mtumiaji aliye katika hofu hawezi kuvijaribu vyote. Maswali matatu hupunguza kazi.

Swali la kwanza: je, onyo hutokea katika faili mpya iliyo tupu? Ikiwa jibu ni ndiyo, tasnifu haina hatia. Chanzo kimo katika programu au mashine: kiolezo kikuu, viongezo, printa, fonti au folda ya muda. Kufuta sura hakutasaidia lolote.

Swali la pili: ikiwa faili tupu haina tatizo, je, tasnifu hiyohiyo huonywa katika tarakilishi nyingine? Ikifunguka vizuri kwingine, mashine ya kwanza ndiyo yenye kasoro. Ikionywa kila mahali, faili yenyewe imeharibika au imebeba kitu kibovu.

Swali la tatu: je, onyo huja mahali maalumu? Programu ikikwama kila mara ukurasa fulani unapofikiwa, kitu fulani katika ukurasa huo, yaani picha, jedwali au fonti, ndicho kinachoshukiwa. Ikikwama wakati wa kuhifadhi tu, diski na ruhusa za folda ndizo za kuchunguzwa kwanza.

Kila jaribio lifanywe peke yake. Anayebadilisha printa, kiolezo na fonti kwa wakati mmoja huenda akapona, lakini hatajua alichopona, na tatizo likirudi ataanza upya.

6.0 Kuokoa kazi kwanza

Utafutaji wa chanzo huja baada ya uokoaji. Onyo linapotokea, programu isifungwe kwa haraka, kwa kuwa maandishi mapya bado yako mezani. Mtumiaji ajaribu kuihifadhi kazi kwa jina jipya na katika diski nyingine. Ikishindikana, achague maandishi yote, ayanakili, na kuyabandika katika programu nyepesi kama Notepad. Mapambo yatapotea lakini maneno yatabaki. Anapohifadhi humo achague usimbaji wa Yunikodi ili ĩ na ũ zisipotee.

Ikiwa programu imekwisha kujifunga, bado kuna matumaini. Word huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 isipobadilishwa, na muda huo unaweza kupunguzwa hadi dakika chache. Ikifunguliwa tena, kwa kawaida huonyesha nakala hiyo pembeni. Ikumbukwe kwamba nakala ya dharura haichukui nafasi ya kuhifadhi kazi kwa mkono.

Faili isiyokubali kufunguka hupitishwa katika hatua nne. Ya kwanza ni kutumia mshale mdogo ulio kando ya kitufe cha kufungulia faili, ambamo mna chaguo la kufungua na kurekebisha. Ya pili ni kuifungua kwa LibreOffice, ambayo mara nyingine husoma faili iliyoishinda Word. Ya tatu, ikiwa faili inafunguka lakini haitulii, ni kunakili kila kitu isipokuwa alama ya aya ya mwisho kabisa, na kukibandika katika faili mpya. Alama hiyo hubeba mipangilio mingi ya waraka, na uharibifu mara nyingi hukaa humo. Ya nne inahusu faili za docx. Faili hizi, zilizoanza na toleo la 2007, kwa hakika ni vifurushi vya zip. Nakala yake ikipewa kiishio cha zip, hufunguka na kuonyesha faili iitwayo document.xml ndani ya folda ya word. Humo mna maneno ya matini kuu ya tasnifu, yakiwa yamechanganyika na alama za kompyuta. Ni kazi ya kuchosha kuyachambua, lakini ni afadhali kuliko kurudi Kibugu mikono mitupu.

7.0 Lini onyo ni la kweli

Itakuwa kosa kudai kwamba onyo daima ni la uongo. Mashine ndogo yenye programu nyingi zilizofunguliwa pamoja huweza kweli kuishiwa. Njia ya kuhakikisha ni kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha kutazama kiasi cha kumbukumbu kinachotumika. Kikikaribia asilimia 100, onyo lina msingi, na kufunga programu nyingine kutasaidia.

Jambo ambalo karibu halitokei ni maneno yenyewe kuijaza programu. Kikomo ambacho Microsoft imekitaja kwa Word ni megabaiti 32 za maandishi matupu, bila kuhesabu picha. Tasnifu ya kurasa 150, kila ukurasa ukiwa na herufi 2,000, ina herufi 300,000. Hata kila herufi ikichukua baiti mbili, jumla yake haifiki megabaiti moja. Mwanafunzi angelazimika kuandika tasnifu zaidi ya 50 katika faili moja ili akifikie kikomo hicho. Kinachoongeza uzito ni picha kubwa zilizopigwa kwa kamera na kubandikwa bila kupunguzwa, pamoja na masahihisho yaliyofuatiliwa kwa miezi bila kukubaliwa wala kukataliwa. Hivyo ndivyo vya kupunguzwa, baada ya kuweka nakala ya faili nzima mahali pengine.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba onyo la kumbukumbu ni dalili, na kwamba dalili moja huweza kuwa na vyanzo vingi. Folda ya muda, flashi, kiolezo kikuu, fonti, kizuizi cha faili ya barua pepe, viongezo na printa vyote huweza kusababisha ujumbe mmoja. Vilevile imebainika kwamba mwandishi wa Kiswahili huonywa kwa kosa ambalo si lake, kwa kuwa mashine humpima kwa lugha nyingine.

Yapo mambo mawili yanayopendekezwa. Kwanza, idara za Kiswahili ziyaingize mafunzo ya namna hii katika semina za mbinu za utafiti, kwa kuwa data ikipotea, nadharia haina cha kusimamia. Pili, kila mwanafunzi anayetoka nyanjani aziweke nakala za masimulizi yake mahali patatu tofauti kabla hajaanza kuandika sura ya kwanza: katika diski ya ndani, katika flashi, na katika barua pepe yake mwenyewe.

Mwanafunzi wa mfano wetu alipaswa kujiuliza swali moja tu kabla ya kugusa kitufe cha kufuta: je, faili tupu nayo inaonywa? Kama angejiuliza, angejua kwamba maneno ya wazee hayakuijaza mashine, na yangalikuwapo hadi leo.